Mwizi Alipoingia Mezani

Januari 1974, kampuni changa iliyoitwa Tactical Studies Rules, ya mji mdogo wa Lake Geneva huko Wisconsin, Marekani, ilitoa sanduku lenye vijitabu vitatu. Bei dola 10. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000, zikapangwa masandukuni kwa mkono. Mchezo wenyewe uliitwa Dungeons & Dragons, waandishi wake Gary Gygax na Dave Arneson.

Kwa ambaye hajawahi kuuona ukichezwa: watu wanazunguka meza, mmoja anakuwa msimulizi na mwamuzi, waliobaki kila mtu anabeba mhusika wake. Unasema mhusika wako anafanya nini, dadu zinarushwa pale ambapo hakuna ajuaye kitakachotokea, hadithi inasonga mbele. Ni ngano inayotungwa kwa mdomo na watu watano au sita kwa wakati mmoja, na kwa hiyo sioni kwa nini sisi tunaobishania riwaya kila wiki tusiijadili.

Swali la kwanza mezani ni lile lile la mwandishi yeyote: mhusika wako ni nani? Sanduku la 1974 lilikuwa na majibu matatu tu upande wa kazi. Mpiganaji, Mchawi, Kasisi. Upande wa asili ulikuwa binadamu, au mmoja wa viumbe wa ngano za Ulaya kama kibeti, au hobbit wa J.R.R. Tolkien. Basi.

Na hata hao watatu, wa tatu alikuja kwa fujo. Kabla mchezo haujachapishwa, Arneson alikuwa akiendesha dunia yake, Blackmoor, huko Minneapolis na Saint Paul. Mchezaji mmoja mhusika wake akageuka mnyonya damu, Sir Fang, akapata nguvu kiasi kwamba wenzake wakawa hawana la kumfanya. Dawa yake ilikuwa kumpa mchezaji mwingine, Mike Carr, mhusika wa kidini wa kumkabili, mfano wa wale wawinda wanyonya damu wa kwenye sinema. Huyo ndiye akawa Kasisi. Yaani mtu mmoja alipewa nafasi ambayo hakuna aliyeipangia, na ikabidi nafasi nyingine izaliwe ili meza isipinduke. Mambo mengi yaliyofuata yana sura hiyo hiyo.

Sasa Mwizi. Huyu hakutoka kwa waandishi kabisa. Alitungwa na Gary Switzer, mwenye duka la michezo la Aero Hobbies kule Santa Monica, California, pamoja na wachezaji wenzake. Switzer akamweleza Gygax kwa simu, Gygax akaandika toleo lake mwenyewe mwaka ule ule wa 1974 katika jarida dogo la wachezaji, na 1975 Mwizi akaingia rasmi kwenye kitabu cha nyongeza cha kwanza, Greyhawk. Hebu fikiria wasomaji wa riwaya wampigie mwandishi simu wamwambie wana mhusika ambaye amemsahau, naye amtie katika chapa inayofuata.

Kilichotokea baada ya hapo bado kinagombanisha watu. Kabla ya Mwizi, ukishuku kwamba kwenye ukumbi kuna mtego, ulitakiwa useme unafanya nini. Nagonga sakafu kwa kijiti. Namwaga maji nione yanazama wapi. Kila mtu mezani aliweza, hata Mpiganaji mwenye akili ya kuku, mradi mchezaji wake ana maneno. Mwizi alikuja na jedwali. Katika Player's Handbook ya 1978, Mwizi anayeanza alikuwa na asilimia 20 ya kugundua au kutegua mtego, 10 ya kujificha kivulini, na 85 ya kuparamia ukuta. Mpiganaji hakunyang'anywa kijiti chake. Ila akikiinua, mtu anauliza: hiyo si kazi ya Mwizi? Wapenzi wa mchezo wa zamani wanasema siku ile watu wote wengine walisahau kunyata.

Lalamiko hilo lina ukweli, lakini ni nusu yake, na nusu ya pili husahauliwa na walewale wanaolalamika. Katika vijitabu vya 1974 kibeti aliruhusiwa kuwa Mpiganaji tu, na alikomea ngazi ya 6. Hobbit alikomea ngazi ya 4. Binadamu walipanda bila kikomo. Maana yake ukipenda kucheza kiumbe mdogo, ungewatazama wenzako wakipaa huku wewe umebaki pale pale. Greyhawk iliwafungulia viumbe hao kazi ya wizi bila kikomo cha ngazi. Ndiyo njia ya kwanza waliyopata ya kufika mbali kama wengine, na ilikuwa njia moja tu. Tolkien mwenyewe alishampa Bilbo ajira ya mvunja nyumba, kwa hiyo wala haikuonekana ajabu. Lakini Bilbo aliajiriwa kazi hiyo akiwa ameshangaa, maana nyumbani alikuwa mtu wa chai na keki. Wa mezani alizaliwa nayo. Baadaye, kwa sababu za haki za kisheria, jina la hobbit liliondolewa akawa halfling. Wizi haukuondoka naye kirahisi hivyo.

Baada ya Mwizi, mlango ulikuwa wazi na watu wakaingia kwa kusukumana. Shujaa wa dini, Paladini, kwenye Greyhawk hiyo hiyo. Mtawa wa ngumi na Muuaji wa kukodiwa kwenye kitabu cha Blackmoor, 1975. Druidi mwaka 1976. Wasomaji wa jarida la The Strategic Review walileta mwanamazingaombwe na malenga. Mwaka 1985, Unearthed Arcana ikamleta Barbarian, ambaye ukimtia Kiswahili neno kwa neno unapata Mshenzi, na msomaji wa pwani au wa bara anajua neno hilo lilitumiwa na nani kumwita nani. Mimi ningemwita mtu wa nyikani, nikubali kupoteza kitu katika tafsiri.

Toleo la pili la 1989 lilikata. Muuaji na Mtawa hawakuwemo kwenye kitabu kikuu, wala nusu-orc. Ilikuwa miaka ambayo wazazi na wahubiri wa Marekani waliutuhumu mchezo kuwa ni wa kishetani. Toleo hilo hilo lilifuta mstari mmoja wa 1978: mwanamke wa binadamu hakuruhusiwa kuzidi nguvu za 18/50, wakati mwanamume alifika 18/00. Hakukuwa na jina jipya la kutangaza wala picha ya kuvutia ukurasani. Kwa maoni yangu hiyo ni nyongeza kubwa kuliko Paladini. Safari ya namna hiyo imechukua muda: ni mwaka 2020, katika Tasha's Cauldron of Everything, ndipo mchezaji aliporuhusiwa rasmi kuhamisha nyongeza za uwezo zilizofungwa na asili ya mhusika wake na kuziweka atakapo.

Cha ajabu ni kwamba vijitabu vya 1974 vilikuwa na aya fupi iliyomruhusu mchezaji kuwa karibu kitu chochote, hata joka, mradi aanze akiwa dhaifu, joka changa, akue polepole. Aya hiyo haikuwa na jedwali wala asilimia. Mezani ndiko mngejua. Mwaka 1979, katika Dungeon Masters Guide, Gygax huyo huyo aliandika akiwatahadharisha waamuzi juu ya wachezaji wanaotaka kuwa mazimwi. Ikapita karibu miaka 30. Toleo la nne, 2008, likamweka dragonborn katika kitabu kikuu: mtu mwenye kichwa cha joka na magamba, mwenye kurasa zake na takwimu zake, na pumzi ya kuunguza anayoweza kuitoa mara moja kwa kila pambano.