Mji wa Makuti wa Kisiwa cha Msumbiji

Askari akikitazama Kisiwa cha Msumbiji, katika mkoa wa Nampula, jicho lake huangukia kwanza Ngome ya São Sebastião. Wareno walianza kuijenga mwaka 1558. Waholanzi wakaizingira mwaka 1607 na tena 1608, wasiiteke. Lakini historia ya kisiwa hicho, chenye urefu wa kilometa 3 hivi, haimo yote ngomeni.

Upande wa kusini upo Mji wa Makuti, na jina hilo halihitaji tafsiri. Nyumba zake zilisimamishwa kwa boriti za mikoko, kuta zikakandikwa kwa mawe, udongo na chokaa, na mapaa yakaezekwa makuti. Ndiyo makao ya wavuvi, mabaharia na wachukuzi. Kaskazini ni Mji wa Mawe, walikokaa magavana na matajiri hadi makao makuu ya koloni yalipohamia Lourenço Marques mwaka 1898.

Atokaye kaskazini hushangaa kuona barabara ziko juu, na mapaa ya makuti yako karibu na usawa wa miguu yake. Mawe ya kujengea majumba ya wakubwa yalichimbwa hapo. Yalipokwisha kutolewa, mashimo yakawa viwanja vya wanyonge. Mvua ikinyesha, maji hujaa humo. Mvua hiyo hiyo ngomeni ilikuwa neema, kwani kisiwa hakina maji baridi, na birika la ngome lilikinga maji ya mapaa. Kikosi kilichozingirwa kinaelewa thamani ya birika.

Baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, wenye majumba wengi waliondoka. Kisha vita vilivyokwisha mwaka 1992 vikawasukuma wakimbizi kutoka bara, na kisiwa kikafurika watu. Mwaka 1991 UNESCO ilikiingiza kisiwa chote katika Urithi wa Dunia, miji yote miwili pamoja, na ilistahili.

Hata hivyo makuti yanatoweka. Paa lake hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na makuti yamekuwa ghali. Kimbunga Gombe cha Machi 2022 na Jude cha Machi 2025 viliipiga pwani hiyo. Kumlaumu mvuvi anayenunua bati ni kumwonea. Lakini bati halifukii shimo. Maji ya mvua yangali yakishuka kutoka barabarani hadi uani kwake.