Moto wa Kuazima

Kwenye kibanda cha kuchajia simu, kando ya barabara iendayo forodhani Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kijana wa miaka kama kumi na mitano ameinamia simu yenye kioo kilichopasuka. Simu imechomekwa kwenye umeme kwa waya mfupi, kwa hiyo naye amejikunja palepale ukutani. Anacheza Pokémon FireRed, mchezo uliotoka Japani mwaka 2004 kwa ajili ya Game Boy Advance, kifaa ambacho hajawahi kukishika. Programu ndogo ndani ya simu ndiyo inayojifanya kuwa kifaa hicho. Mjusi wa rangi ya chungwa, mwenye mwali kwenye ncha ya mkia, anatema vijimoto. Panya wa upande wa pili anatetereka. Chini ya kioo limeandikwa jina la pigo: Ember.

Nikamwuliza maana yake.

“Ni moto tu, mzee. Ule wa kwanza.”

Jibu lake lilinirudisha nyumbani. Ule wa kwanza. Katika Bukhayo, eneo la Busia nililokulia, moto nao ulikuwa na wa kwanza wake, na mtoto ndiye aliyepewa aubebe.

Pigo lenyewe lilizaliwa tarehe 27 Februari 1996, siku Pokémon Red na Pokémon Green zilipoanza kuuzwa Japani. Iliyozitengeneza ni kampuni ya Game Freak, iliyoongozwa na Satoshi Tajiri, mtu aliyekulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, akiwinda wadudu vichakani kabla mji haujavimeza vichaka hivyo. Kwa Kijapani pigo linaitwa Hinoko. *Hi* ni moto; *ko* katika neno hili ni unga. Unga wa moto, yaani zile punje nyekundu zinazopaa kuni zinapovunjika. Lakini *ko* kwa matamshi hayohayo ni mtoto pia, na michezo ile ya mwanzo iliandikwa kwa herufi za silabi tupu, bila zile herufi za Kichina ambazo zingetenganisha unga na mtoto. Sidhani waliokusudia unga walijali. Mimi nimelipenda kosa hilo la sikio, na sababu yake itaonekana.

Wafasiri wa lugha za Ulaya waligawanyika. Kiingereza kilisema Ember, kaa lililo hai. Kijerumani kikasema Glut, makaa yanayowaka bila mwali. Kihispania, Ascuas, makaa vilevile. Kifaransa peke yake kilibaki karibu na Mjapani kwa Flammèche, kipande cha moto kinachoruka. Mchezo hauna tafsiri ya Kiswahili, kwa hiyo uamuzi tumeachiwa sisi: ni cheche au ni kaa? Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu aliyepikiwa kwenye mafiga. Cheche huruka ikafa hewani. Kaa hutulia, hujifunika majivu, hungoja. Kwa jinsi pigo linavyoonekana kwenye kioo, Mjapani na Mfaransa wana haki. Kwa jinsi linavyofanya kazi, naona Kiingereza na Kijerumani vimepatia, na nitaeleza kwa nini.

Nikiwa mdogo, upande wa Nambale, viberiti vilikuwepo dukani lakini kijiti kimoja hakikuchezewa. Moto wa jioni uliazimwa. Ulitazama ni paa gani linafuka moshi, ukaenda huko na kigae cha chungu kilichovunjika. Ulisimama mlangoni, hukuingia mpaka ukaribishwe.

“Kukhu, nimetumwa moto.”

Bibi wa nyumba ile alifukua majivu kwa kijiti, taratibu kama anayetafuta yai, mpaka kaa likachomoza. Alikuwa ametandika majivu kwenye kigae kabla ya kuliweka, ili joto lisipite mikononi, kisha akalifunika kidogo kwa majivu mengine. Halafu likaja agizo ambalo kila mtoto wa rika langu analijua: usikimbie. Ukikimbia, upepo unalichochea kaa na cheche zinaweza kukutangulia kwenye paa la nyasi. Ukikawia, linakufa, na itakubidi urudi ukiwa na aibu. Mwendo ulikuwa wa katikati, mwili umeinama mbele, kiganja kimoja kikikinga upepo. Omuliro, kama tuuitavyo kwetu, haukuwa mkubwa kuliko kidole gumba, na nyumba nzima ilikuwa ikiusubiri ili ugali usongwe.

Sasa tulirudie pigo. Nguvu yake ni 40. Ukilinganisha, Flamethrower ilianza na 95 ikapunguzwa hadi 90 mwaka 2013, na Fire Blast ilianza na 120 ikashushwa hadi 110. Vigogo wamepunguzwa, moto mdogo haujaguswa. Arobaini mwaka 1996, arobaini hadi leo. Unaweza kuutumia mara 25 kabla haujakwisha. Huhesabiwa kuwa haukosi, ingawa katika michezo ile ya kwanza kulikuwa na hitilafu ya hesabu iliyofanya hata pigo la uhakika likose mara moja katika 256, na wachezaji wengi walipoteza vita bila kujua nani wa kulaumiwa.

Utamu wake uko kwingine. Katika kila mara kumi, mara moja hivi, Ember humwacha adui akiungua. Hapo ndipo kaa linapojitenga na cheche. Pigo limekwisha, zamu imepita, lakini mwili unaendelea kuliwa. Katika mchezo wa 1996 anayeungua hupoteza sehemu moja ya kumi na sita ya uhai wake kila zamu. Kuanzia Gold na Silver za 1999 ikawa moja ya nane. Sun na Moon za 2016 zikairudisha kwenye kumi na sita. Tena nguvu zake za kupiga kwa mwili hukatwa nusu, na hilo halikubadilika. Yaani moto dhaifu namna hii unaweza kumvunja mkono jitu lililokuja na ngumi. Bibi aliyenipa kaa asingehitaji kuelezwa. Nyumba nyingi zilizoteketea kwetu hazikuteketezwa na moto mkubwa. Ziliteketezwa na kaa ambalo mtu aliamini limezimika.

Yule mjusi anaitwa Charmander, na kwa Kijapani Hitokage, jina lililounganisha moto na mjusi. Katika michezo ya kwanza hujifunza pigo hili akifika leveli ya 9. Katika FireRed, leveli ya 7. Kitabu cha viumbe kilichomo ndani ya michezo hii kinaeleza kwamba mwali wa mkiani ni uhai wake, ukizimika naye amezimika, na kwamba akinyeshewa mvua ncha ile hufuka mvuke. Mtoto anayechagua mjusi huyu mwanzoni hujuta upesi. Kiongozi wa kwanza wa kupigana naye, Brock, hutumia viumbe vya mawe, na moto kwenye jiwe hufanya nusu ya kazi. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba siwezi kuona ni bahati tu kwamba FireRed ilimpa mjusi huyo makucha ya chuma leveli ya 13.

Mwaka 1999 watengenezaji waliongeza mambo mawili ambayo Bukhayo ingewaambia bure. La kwanza ni mvua: ikinyesha, pigo la moto hupungua nusu, jua likiwaka, huongezeka nusu. Sisi tunaokaa kwenye njia ya mawingu ya Ziwa Viktoria tulijua hivyo tangu siku za kigae. La pili ni chuma. Viumbe vya chuma vilipoingizwa, moto ukapewa uwezo wa kuvilemea. Kusini mwetu tu, kwenye vilima vya Samia, watu waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto vizazi vingi, na majembe yao yalibadilishwa kwa mifugo na nafaka mbali na kwao, Bukhayo ikiwemo, mpaka majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yalipoiua kazi ile wakati wa ukoloni. Jembe la Samia lilianza kama kaa lililopulizwa bila kuchoka.

Lililo karibu zaidi na Busia, hata hivyo, ni waya. Tajiri alipoona Game Boy mbili zikiunganishwa, alifikiria wadudu wakitambaa ndani ya waya kutoka upande huu kwenda upande ule. Kwa hiyo mchezo ukagawanywa makusudi. Growlithe, mbwa wa moto, alipatikana kwenye Red pekee. Vulpix, mbweha ambaye huanza safari yake akiwa tayari na Ember, alikuwa upande wa Green. Aliyetaka wote wawili alilazimika kutafuta jirani na kubadilishana.

Nani ataelewa hilo kuliko sisi? Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa Afrika Mashariki ya Kiingereza, na Bukhayo ikajikuta imebadilisha himaya bila kutoka nyumbani. Wasamia na Wateso wakawa na ndugu pande zote mbili za mstari uliokuja kuwa mpaka. Upande mmoja una matoke na maharage, upande wa pili una sabuni na mabati, na katikati kuna kipande cha ardhi ambapo vijana wa baiskeli walianza kuwavusha watu wakiita *border, border*, mpaka dunia ikapata neno bodaboda. Februari 2018 kilizinduliwa rasmi kituo cha pamoja cha forodha, msafiri anagongwa mihuri yote sehemu moja. Makaa nayo huvuka, hapa na Malaba, kwa lori na kwa baiskeli, ingawa mwaka 2023 Rais wa Uganda alitoa amri ya kuzuia uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa nchi yake. Hatua chache kutoka kwenye kile kibanda cha simu, mama mmoja alikuwa akiyapima kwa gorogoro, akichagua vipande virefu vikae juu mkebe uonekane umejaa.

Nilipopita tena kibandani baadaye, mjusi wa kijana alikuwa amekua, ameshakuwa Charmeleon leveli ya 34, na mchezo ulikuwa unamwuliza swali. Flamethrower imefika. Kiumbe hawezi kukumbuka zaidi ya mapigo manne. Lipi lisahaulike?

Alishusha kidole hadi kwenye Ember, akasita.

“Hii imenitoa mbali,” alisema, kisha akabonyeza.

Nilimwambia kuwa baadaye, kwenye kisiwa cha pili, atakutana na mtu anayeweza kukirudishia kiumbe pigo lililosahaulika, na malipo yake ni uyoga: mmoja mkubwa, au midogo miwili. Akacheka sana. Aliniambia nyumbani kwao kuna kichuguu nyuma ya jiko kinachotoa uyoga mweupe kila mvua za Aprili, na kama ni uyoga tu, basi huyo mtu aje Mundika.