Watumishi wa Kasri ya Buganda

Katika zama za Kabaka Mutesa, na za mwanawe Mwanga aliyetawazwa mwaka 1884, vijana wa kasri ya Buganda walilelewa katika itikadi ya kwamba wao ni milki ya mfalme, wala hapana amri ipitayo amri yake. Basi walipoyakubali mafundisho ya wamisionari wa Kianglikana waliofika 1877 na wa Kikatoliki waliofuata 1879, mafundisho ambayo mwanzoni aghalabu yalisomwa kwa Kiswahili, hawakupokea ahadi ya uzima wa milele peke yake, bali walimbadili na yule waliyepaswa kumtii. Mwanga alilifahamu hilo, labda kuliko baadhi ya walimu wao. Wala Wakristo hawakuwa wa kwanza kuuawa kwa ajili ya imani yao: takriban miaka kumi kabla yao, Mutesa aliwaua vijana Waislamu waliokataa nyama isiyochinjwa kwa sheria yao. Tarehe 3 Juni, 1886, Charles Lwanga, mkuu wa vijana wa kasri, aliyewakinga wenziwe na matamanio ya Mwanga, alichomwa moto Namugongo, pamoja na Wakatoliki na Waanglikana wengine. Mwanga mwenyewe, akiwa uhamishoni Shelisheli alikofia mwaka 1903, alibatizwa kwa jina la Danieri.