Pampu za Kwale na mitambo isiyo na kiwambo

PAMPU ya mkono aina ya Afridev, ambayo imeenea katika vijiji vingi vya Afrika, ilifanyiwa majaribio Kwale katika miaka ya 1980, chini ya mradi wa Benki ya Dunia na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP). Takriban miaka 30 baadaye pampu hizo zilirejea katika majaribio, safari hii ya kompyuta.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walibuni kifaa kidogo kinachofungwa ndani ya mpini. Kifaa hicho huhesabu mpini unavyopanda na kushuka, kisha hupeleka hesabu hiyo kwa arafa hadi kwenye kompyuta kuu, yaani seva. Huko Kyuso, Kaunti ya Kitui, kilikojaribiwa, muda wa wastani wa kutengeneza pampu iliyoharibika ulipungua kutoka siku 27 hadi chini ya siku 3. Baadaye vifaa takriban 300 vilifungwa Kwale. Kwa mama anayetegemea pampu moja, tofauti hiyo ni zaidi ya majuma matatu ya kuteka maji mbali au kunywa ya kisima kilicho wazi.

Kifaa kama hicho hakina kiwambo wala kibodi, na mara nyingi seva inayokipokea haina pia. Hakuna picha za kubonyeza. Fundi aliye mbali huiongoza seva kwa kuandika maagizo, mstari baada ya mstari, na kusoma majibu yake. Njia inayotumika zaidi ni SSH, iliyobuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, baada ya wadukuzi kunasa nywila katika mtandao wa chuo hicho. SSH huyafumba maandishi yote njiani.

Ugumu mkubwa ni kimya. Pampu isiyotuma hesabu huenda imevunjika; huenda pia betri imekwisha, mtandao wa simu umepotea, au ni masika na wanakijiji wanakinga maji ya mvua. Ndiyo maana mtambo wa mbali hupangiwa kutuma salamu hata pale usipokuwa na la kuhesabu. Seva nayo huagizwa kuorodhesha walionyamaza, ili fundi wa pampu asitumwe Msambweni kutengeneza pampu nzima.

Hatari nyingine humtoka msimamizi mwenyewe. Agizo moja lenye kosa katika kanuni za ulinzi wa mtandao laweza kumfungia nje, mithili ya mtu aliyefunga mlango na kuacha ufunguo ndani. Akiwa Mombasa na seva iko Diani, hana budi kuvuka kivuko cha Likoni au kuzunguka Dongo Kundu, na siku imekwisha. Wazoefu hutanguliza agizo la kurejesha hali ya awali baada ya dakika tano, ndipo hubadilisha kanuni. Wakiona mawasiliano yangalipo, hulifuta agizo hilo; yakikatika, husubiri tu dakika zitimie na mlango hufunguka wenyewe.