Upimaji wa macho kwa nyota: Butembo na Beni

Upimaji wa macho kwa nyota ni njia ya kujua jicho bila darubini huona nyota hafifu kiasi gani, na hutenganisha nyota zilizokaribiana kiasi gani. Ni vipimo viwili, na anayefaulu kimoja aweza kushindwa kingine.

Butembo na Beni, Kivu Kaskazini, zimebahatika kwa kuwa karibu kabisa na ikweta. Jioni za Mei na Juni, Dubu Mkubwa huonekana upande wa kaskazini na Salibu kusini, kwa wakati mmoja. Hasara ni Nyota ya Kaskazini: hukaa kwenye upeo wa macho, na vilima huificha.

Kipimo cha utenganishaji kinachojulikana zaidi ni Mizar na mwenzake hafifu Suha, katika mkia wa Dubu. Waarabu wa kale walipimia macho hapo, lakini sifa ya ugumu wake imetiwa chumvi: nafasi kati yao ni dakika 12 za tao, chini kidogo ya nusu ya upana wa Mwezi, na macho mazima huzitenganisha bila shida. Mizar inapofika juu kabisa, nyuzi 35 hivi kaskazini, fungunyota la Omega Centauri nalo liko juu kabisa upande wa kusini, likionekana kama nyota iliyofifia kingo. Mtihani wa kweli huja Agosti: Epsilon ya Kinubi, nyota mbili zilizoachana dakika 3.5 tu. Wengi huona moja.

Kwa nyota hafifu, Kilimia ndicho kipimo bora, na Januari jioni huwa juu sana. Nyota zake angavu zina mwangaza wa takriban 3 hadi 4.3, na nyingine hushuka kupita 5. Katika mizani iliyowekwa na Norman Pogson mwaka 1856, namba ikiongezeka nyota hufifia, na tofauti ya madaraja 5 ni mwangaza mara 100. Kikomo cha kawaida cha jicho ni 6 hadi 6.5. Wengi huhesabu nyota sita za Kilimia. Michael Maestlin, mwalimu wa Kepler, alichora 11 mwaka 1579, kabla ya darubini kuwapo.

Jicho huhitaji nusu saa gizani, na kioo cha simu hulirudisha nyuma mara moja. Nyota hafifu hutazamwa kwa pembeni, kwa kuwa katikati ya retina hakuna seli za kuonea gizani. Seli hizo hutegemea vitamini A. Upungufu wake huleta upofu wa usiku. Mawese mekundu yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini hiyo, ila yakichomwa hadi kuwa meupe huipoteza.

Vizuizi vikubwa ni mawingu ya misimu miwili ya mvua na, wakati wa kiangazi, moshi wa mashamba yanayochomwa. Beni, iliyo chini ya Butembo kwa mamia ya mita, hutazama nyota kupitia hewa nzito zaidi. Tena kuna suala la usalama: Kivu Kaskazini iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021, kwa hiyo upimaji hufanyika ndani ya parsele, si kilimani, taa za jirani zikizibwa kwa ukuta.