Kilemba, Mkaja na Ubeleko

Kiswahili kina mazoea ya kutaja jambo kubwa kwa kushika kitu kidogo kilicho karibu nalo. Mwanamume aliyeoa husemwa amepata jiko. Ukoo mzima waweza kuitwa mlango, au tumbo. Lakini hapana mahali ambapo mazoea haya yameacha alama wazi kuliko katika malipo ya ndoa, na huko ndiko yalikozusha matata ambayo watunga kamusi na wanasheria hawajayamaliza.

Kilemba ni nguo ya kuzungushwa kichwani. Katika ndoa ni haki ya baba wa bibi arusi, na pengine ya mjomba wake. Neno hilo hilo hutumika kwa malipo apewayo fundi pindi mwanafunzi wake anapohitimu. Kilipiwacho hapo si nguo, bali ni ukubwa wa mtu aliyelea na kufunza, nao ukubwa huo hukaa kichwani. (Ndiyo maana sifa za uongo huitwa kilemba cha ukoka: kichwa kimevikwa, lakini kwa majani.) Waingereza nao walihesabu vichwa walipoanzisha kodi ya kichwa mwaka 1910 katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, ila kichwa cha kodi ni hesabu tupu, hakina mwenyewe.

Mkaja na ubeleko vina habari nyingi zaidi. Mkaja ni nguo ambayo mwanamke hujifunga tumboni, hasa baada ya kujifungua. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, na asili yake ni kitenzi kubeleka. Vyote viwili ni majina ya malipo ya mama wa bibi arusi. Atajaye mkaja ametaja mimba na uchungu wa kuzaa. Atajaye ubeleko ametaja miaka ya kubeba na kunyonyesha. Nguo zenyewe zilipogeuka kuwa fedha, majina hayakugeuka, na kwa hiyo fedha iliendelea kueleza ni ya nani na ni ya kazi gani.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin tangu mwaka 1900, alieleza kwa urefu ada za watu wa Mrima katika kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Aliandika kama mtu wa nyumbani, ambaye kwake kila ada ina jina lake na mwenyewe wake. Kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1939 iliyahifadhi maneno haya, na kwa hilo yastahili shukrani. Lakini ilipoyafasiri kuwa zawadi, ilipunguza uzito wake. Zawadi hutolewa kwa hiari. Mkaja hudaiwa.

Kosa la pili ni la siku hizi, nalo ni zito zaidi: malipo yote kukusanywa chini ya neno mahari. Kwa sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya mke mwenyewe, si ya baba wala ya mama. Kilemba kikiitwa mahari, mzee hupata njia ya kutia mfukoni haki ya binti yake bila kuonekana amekosa. Na mkaja ukiitwa mahari, haki ya mama humezwa katika fungu linaloshikwa na wanaume.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yasema kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu hazikufuatwa mila za mahari, au za kupeana zawadi kabla ya ndoa au baada yake. Watunga sheria, basi, walitenga mafungu mawili. Ila mkaja hauingii sawasawa katika lolote: si mahari, kwa kuwa si mali ya bibi arusi, wala si zawadi, kwa kuwa mama hakuuomba kwa hisani.