Risasi ya Dum Dum na ugomvi wa maprofesa wawili

Juni 2025 ilitimia miaka 15 tangu nchi wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zikutane Kampala na kukubaliana kwamba kutumia risasi zinazotanuka mwilini ni uhalifu wa kivita hata katika vita vya ndani ya nchi. Uamuzi huo hatuutaji sana, ingawa umebeba jina la mji wetu wa Afrika Mashariki. Ulichukua zaidi ya karne kufika, na mwanzo wake ni ubishi wa kitabibu.

Mwaka 1888 Uingereza ilianza kuwapa askari wake bunduki ya Lee-Metford, yenye risasi nyembamba iliyovikwa ganda gumu. Baada ya vita vya Chitral, mpakani mwa India, mwaka 1895, maofisa walilalamika kwamba adui akipigwa bado anakuja tu. Ushahidi wao ulikuwa masimulizi ya vitani. Ndipo kapteni Neville Bertie-Clay wa kiwanda cha silaha cha Dum Dum, jirani na Calcutta, akaiacha wazi ncha ya risasi, kiasi cha milimita moja hivi. Ncha hiyo laini ikigonga mwili hufumuka kama uyoga. Ikapelekwa Tirah, kwenye mpaka huo huo, mwaka 1897, wakapigwa nayo watu wa kabila la Waafridi.

Mwaka 1898 Profesa Paul von Bruns, mpasuaji wa Tübingen, Ujerumani, alitangaza majaribio yake. Alifyatulia maiti risasi za ncha laini kutoka karibu, na majeraha yalitisha: mifupa imesagika, nyama zimechanika vibaya. Ulaya ikapata cha kuisemea Uingereza.

Mwanahistoria Edward Spiers, aliyeandika juu ya risasi hii mwaka 1975 na ambaye namfuata hapa, anaonyesha kasoro iliyokuwamo. Bruns hakufyatua risasi ya Dum Dum. Alitumia ya bunduki ya Mauser, aina ya wawindaji, ambayo sehemu yake iliyoachwa bila ganda ni kubwa zaidi. Ameshtaki moja kwa makosa ya nyingine!

Aliyemjibu ni Profesa Alexander Ogston wa Aberdeen, yule yule aliyewapa bakteria wa Staphylococcus jina lao. Katika jarida la British Medical Journal la Septemba 1898 alizilinganisha risasi hizo mbili, akasisitiza kwamba ya Tübingen na ya Dum Dum si kitu kimoja. Mwaka uliofuata akaandika tena, kwa ukali zaidi. Kwenye hoja ya majaribio naona alikuwa sahihi. Lakini risasi ya Dum Dum ilitengenezwa makusudi ili iumize zaidi, na hilo halikuhitaji maiti wala maabara kulithibitisha.

Mkutano wa amani wa The Hague wa 1899 haukujali tofauti hiyo. Jenerali John Ardagh wa Uingereza aliitetea risasi yake kwa hoja kwamba “mshenzi” hasimami kwa jeraha dogo kama askari wa Ulaya. Tamko la 29 Julai likapiga marufuku risasi zinazotanuka au kubonyea kwa urahisi mwilini. Uingereza ilijiunga mwaka 1907. Hata hivyo tamko liliwabana waliolikubali tu, tena wanapopigana wenyewe kwa wenyewe. Mwafrika aliyepigana na dola ya kikoloni hakuwamo.

Baadaye risasi zilichongwa ncha, zikawa zinapinduka ndani ya mwili bila kuvunja tamko. Miaka ya 1980 daktari wa jeshi la Marekani, Martin Fackler, alizipima kwa kuzifyatua kwenye jelatini badala ya mwili, akaonyesha kwamba ile ya bunduki ya M16, yenye ganda kamili, hupinduka na kuvunjika vipande.

Nalo katazo la Kampala ni la vita tu. Polisi wa nchi kadhaa hubeba risasi zinazotanuka kihalali, kwa hoja kwamba hazipenyi kirahisi zikampata mpita njia aliye nyuma ya mhalifu.